Watoto Wangapi, na Nani Ameulizwa?

Chukua ule utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya, KDHS ya mwaka 2022, uufungue pale penye kaunti. Nairobi, mwanamke kwa wastani atazaa watoto 2.5 maishani mwake. Mandera, 7.7. Embu, wanawake watatu hivi kati ya kila wanne walioolewa wanatumia njia ya kisasa ya kupanga uzazi. Mandera ni asilimia 2. Wajir ni 3. Nchi moja, kitambulisho kimoja, rais mmoja, na namba ambazo ungedhani zimetoka sayari mbili.

Ziweke namba hizo kwenye grupu yoyote ya WhatsApp ya vijana wa Nairobi na unajua kitakachofuata. Mmoja atasema hao watu hawajasoma. Mwingine atasema ni dini. Wa tatu atasema ni wanaume wao. Kisha atatokea yule mwenye huruma, aandike "maskini hao akina mama", halafu gumzo lihamie kwa mechi ya Arsenal. Wote wanne wamekubaliana jambo moja bila kulitaja: kwamba sisi huku tumechagua, na wao kule hawajachagua.

Mimi nataka tukae hapo kidogo. Kwani kuchagua ni nini? Mtu akizaa mmoja, tutajuaje kama aliamua au alilazimika? Akizaa wanane, tutajuaje kama alitaka au hakuulizwa? Namba yenyewe haisemi. Asilimia 2 inahesabu wanaotumia. Haituambii wangapi wanataka wakakosa, wala wangapi wamepewa nafasi wakasema asante, sihitaji. Asilimia 75 nayo haituambii kila mmoja wao alifikaje pale.

Kipimo ninachokipendekeza ni rahisi kukisema. Mtu amechagua pale tu ambapo angeweza kujibu kinyume na bado akabaki salama. Aliyesema ndiyo wakati la ingemletea kipigo, talaka au aibu, huyo hajakubali. Na aliyesema la kwa sababu ndiyo ingemtupa nje ya kazi na nje ya nyumba, huyo naye tusimhesabu haraka kwamba yuko huru. Ukiishika kalamu hiyo ukaipaka rangi upya ile ramani ya kaunti, itatoka picha tofauti kidogo na ile ya kwenye grupu.

*

Tuanze na shosho yako.

Kenya ilikuwa nchi ya kwanza Afrika kusini mwa Sahara kuwa na mpango rasmi wa kitaifa wa kupanga uzazi. Huo ni mwaka 1967. Miaka miwili kabla ya hapo, serikali ilikuwa imewaalika wataalamu wa Population Council kutoka New York waje kupima hali na kushauri. Hoja ilikuwa ya uchumi: watu wanaongezeka haraka kuliko shule, kazi na mashamba. Ilikuwa hesabu iliyofanywa ofisini, na mwanamke wa Murang'a au Kakamega aliingia ndani yake kama kipengele cha bajeti.

Na matokeo? Miaka kumi baadaye, utafiti wa uzazi wa 1977-78 ulikuta mwanamke wa Kenya anazaa wastani wa watoto wanane. Wanane! Kenya ikawa miongoni mwa nchi zenye uzazi mkubwa kabisa duniani, na mpango wa taifa ukiwepo, na vidonge vikiwepo. Yaani Mandera ya leo ndiyo iliyokuwa Kenya nzima ya juzi. Shosho wa Nyeri, dani wa Siaya, kukhu wa Bungoma, susu wa Machakos: ukitaka kuwaita wanawake wa Mandera washamba, anza na hao waliokulea.

Baadaye namba zikashuka. Mwaka 2003 ilikuwa 4.9, mwaka 2014 ikawa 3.9, mwaka 2022 ikawa 3.4. Ni nini kilibadilika? Sidhani watu waliamka asubuhi moja wakiwa na akili kuliko mama zao. Chanjo zilifika, surua ikaacha kufagia vijiji. Wasichana walikwenda shule na wakakaa huko miaka mingi zaidi. Zahanati ikawa mwendo wa miguu, si safari ya siku. Shamba la ekari kumi liligawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu, mpaka likabaki kipande cha kujengea choo na kupanda sukuma wiki. Na karo ikaja. Zamani mtoto alikuwa mikono miwili ya kuchunga na kulima. Sasa ni sare, vitabu, na ujumbe wa shule kila mwezi kwenye simu. Msemo wa kwamba kila mtoto huja na sahani yake ulianza kuonekana kama mzaha, kwa sababu sahani ilikuwa inaonekana, chakula ndicho hakionekani.

Angalia vizuri kilichotokea hapo. Mama aliyetaka watoto watatu mwaka 1955 alikuwa anacheza kamari. Huenda angezika wawili. Uzeeni hakuna pensheni, hakuna bima, kuna watoto tu. Jibu la "wachache" lilikuwa jibu la hatari. Miaka thelathini au arobaini baadaye, mahali pengi nchini, jibu hilo likawa salama. Ndipo watu walipoanza kulitumia, na ndipo sindano na vidonge vilivyokuwa vikikaa kabatini vikapata wenyewe.

*

Sasa twende kaskazini mashariki.

Mwaka 1965, mwaka uleule serikali ilipowaita wataalamu wa uzazi, ndiyo iliandika pia ule Waraka Nambari 10 uliosema pesa za maendeleo zielekezwe mahali zitakapozaa faida haraka. Maana yake ilieleweka: reli, mvua, chai na kahawa. Mandera, Wajir na Garissa hazikuwa na hivyo. Zilichokuwa nacho ni hali ya hatari, iliyowekwa 1963 na haikuondolewa mpaka 1991. Kizazi kizima kilikua kikiijua serikali kama kizuizi cha barabarani na buti, wakati wenzao wa Kati walikuwa wakiijua kama shule na zahanati.

Kwa hiyo usishangae ulipofika wakati wa kuhesabu vifo vya akina mama. Makadirio yaliyotokana na sensa ya 2009 yaliiweka Mandera kwenye vifo 3,795 kwa kila watoto laki moja wanaozaliwa hai. Wastani wa taifa wakati huo ulikuwa 495. Ipige hesabu hiyo kwa lugha ya nyumbani: karibu kila uzazi wa ishirini na sita, mama mmoja harudi. Ukizaa mara saba katika hali hiyo, nafasi yako ya kufa kwa uzazi inakaribia moja kwa nne. Ni namba ya vita. Tangu hapo mambo yamesogea, ugatuzi umeleta hospitali na magari ya wagonjwa ambayo hayakuwepo, na vifo vimepungua. Lakini bado, mwaka 2022, wakati asilimia 89 ya uzazi nchini ulisimamiwa na mhudumu mwenye ujuzi, Mandera ilikuwa asilimia 55.

Wanakufa kwa mambo ambayo yana dawa. Damu inayotoka bila kukoma baada ya kujifungua. Kifafa cha mimba. Uchungu wa siku mbili kwa sababu mtoto amekaa vibaya na chumba cha upasuaji kiko kilomita mia moja na kitu. Kupanga uzazi kunasaidia hapa kwa njia ya moja kwa moja sana: mwili uliopumzika hubeba vizuri. Shirika la Afya Duniani linashauri mama akae angalau miezi 24 baada ya kuzaa kabla ya kutafuta mimba nyingine, kwa sababu mimba zinazofuatana mbiombio huleta upungufu wa damu kwa mama, na watoto wanaozaliwa kabla ya wakati au wakiwa wepesi mno. Hilo ni jambo la daktari na halina siasa.

Lakini hebu jaribu kumfuata mwanamke wa kijiji kimoja huko anayetaka kuishia watatu. Atahitaji nini ili jibu lake liwe salama? Atahitaji kuwa na uhakika kwamba hao watatu wataishi. Atahitaji kliniki iliyo wazi, yenye sindano kabatini, na nesi ambaye si binamu ya mumewe. Atahitaji mume asiyesikia neno "kupanga uzazi" akalitafsiri kuwa dharau. Atahitaji shangazi, mawifi na wazee wasiomuuliza kila Idi kama ana tatizo. Na uzeeni atahitaji kitu zaidi ya watoto watatu, maana ukame ukija mifugo yote huondoka pamoja. Ukiondoa hata moja kati ya haya, jibu la "watatu" linakuwa jibu la shujaa. Haki ambayo lazima uwe shujaa ndiyo uitumie bado haijakufikia.

Halafu kuna jambo ambalo sisi wa mjini hatulioni. Kule, kuhesabiwa ni vita. Mwaka 2010 serikali ilifuta matokeo ya sensa ya 2009 katika wilaya nane za Kaskazini Mashariki na Turkana, ikisema watu wamekuwa wengi kupita kiasi. Kesi zikaenda mahakamani miaka na miaka. Pesa za kaunti na mipaka ya maeneo bunge hutegemea idadi ya watu. Sasa jiweke kwenye viatu vya mzee wa Elwak. Serikali ambayo jana ilikwambia "nyinyi ni wengi mno, hatuamini" leo inakuja na gari jeupe na kukwambia "tungependa mzae wachache". Ungefikiria nini? Mimi ningeshuku. Na kumwita anayeshuku hivyo mjinga ni kukataa kusoma historia yake.

*

Watasema basi ni dini. Hapa kuna mshangao kwa wale wa grupu.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, mwanachuoni wa madhehebu ya Shafii ambayo ndiyo yanayofuatwa na Wasomali wengi, aliandika kwa urefu kuhusu azl, yaani mume kumwaga nje ili mimba isiingie. Aliiruhusu. Na akataja nia anazoziona halali: kumhifadhi mke na hatari za kuzaa, kulinda uzuri wake, kuogopa mzigo wa watoto wengi. Kisha akataja nia aliyoiona mbaya: kuzuia mimba kwa kuogopa kupata mtoto wa kike. Soma tena orodha hiyo. Miaka mia tisa iliyopita, mtu huyu alikuwa tayari anauliza swali letu, kwamba njia ni moja lakini sababu ndizo za kupimwa.

Qur'ani nayo inataja kunyonyesha kwa miaka miwili kamili. Ndiyo maana wahudumu wanaofanya kazi kaskazini mashariki walijifunza kutumia maneno ya "kupanga nafasi kati ya watoto" badala ya "kupunguza watoto". Wengine watasema huo ni ujanja wa lugha. Mimi naona tofauti kubwa. Neno la kwanza linamwambia mama: mwili wako na mtoto wako mdogo wana haki. Neno la pili linamwambia: nyinyi mmezidi. Sheikh anaweza kulisema la kwanza msikitini Ijumaa. La pili hawezi, na hapaswi.

*

Sasa tuje kwenye jambo linaloumiza zaidi, na hili si la Mandera peke yake. Uliza nesi wa Kilifi, wa Homa Bay, wa Kayole, atakwambia. Kuna wanawake wanaochoma sindano ya miezi mitatu na nyumbani hakuna anayejua.

Wanaipenda sindano kwa sababu haina ushahidi. Kijiti ukipapasa mkono unakihisi. Vidonge vina pakiti, na pakiti hupatikana chini ya godoro. Sindano inaingia, unavuta kanga yako, unarudi nyumbani na nyanya za jioni. Kadi ya kliniki wengine huiacha kwa nesi.

Je, huyo anamdanganya mumewe? Wacha tumpe mume nafasi ya kusema, maana mara nyingi hatumpi. Atasema: watoto ni wetu sote wawili. Mimi kila mwezi nasubiri, naomba Mungu, nafikiri labda nina kasoro, na yeye anajua kwa nini. Huo si usaliti? Ni hoja nzito. Ndoa ambayo mmoja anajua na mwingine anakisia ina ufa, na siwezi kusema ufa huo hauko.

Lakini haki ya kuambiwa ukweli inakuja na wajibu wake: kuwa mtu ambaye ukweli unaweza kuambiwa bila aliyeusema kulala nje. Ikiwa kwa kusema "nimechoka kuzaa" mwanamke atapigwa, ataletewa mke mwenza kama adhabu, au atarudishwa kwao bila watoto wake, basi anayelalamika kwamba hakuambiwa ndiye aliyepandisha bei ya kuambia. Mwili unaovuja damu ni wake. Kaburi likichimbwa litakuwa lake. Hakuna sheria ya Kenya inayomtaka mwanamke mtu mzima aombe ruhusa ya mume ndiyo apewe sindano, na Katiba ya 2010, kifungu cha 43, imeiweka afya ya uzazi ndani ya haki ya afya. Nesi anayemwambia "nenda urudi na mzee" anajipa mamlaka asiyopewa na yeyote.

Kuna utafiti uliofanywa Lusaka, Zambia, ambao haunitoki kichwani. Wanawake waligawanywa makundi mawili. Kundi moja walipewa nafasi ya kupata njia za kupanga uzazi wakiwa peke yao. Kundi la pili walipewa nafasi hiyohiyo waume zao wakiwepo. Wale waliopewa mbele ya waume walikuwa na uwezekano mdogo kwa asilimia 19 wa kwenda kutafuta huduma, na uwezekano mkubwa kwa asilimia 27 wa kuzaa. Kitu pekee kilichobadilika ni nani alikuwa ameketi pale. Lakini matokeo yana upande wa pili, na watu wengi huuruka: wanawake waliopewa kwa siri walisema maisha yao yana furaha ndogo zaidi. Siri iliwalinda na mimba. Haikuwalinda na uzito wa kuibeba siri yenyewe.

Ndiyo nasema siri ni kimbilio. Mtu akikimbilia kanisani wakati wa vita, huwezi kumfukuza eti kanisa si nyumba, wala huwezi kumpongeza kwamba sasa amepata makao. Kwa kile kipimo chetu, mwanamke huyu ameipata la yake, lakini hana usalama wa kuisema kwa sauti. Kazi imefika nusu.

Nusu iliyobaki iko kwa wanaume, na hapo pia Zambia ina neno. Katika utafiti mwingine wa baadaye, wanaume walielezwa kwa undani hatari anazopita mama wakati wa kuzaa, na nyumba zao zikapata mimba chache zaidi. Wengi wao hawakuwa wakatili, ila hawakujua. Uzazi hufanyika nyuma ya pazia, mwanamume huitwa tu kuambiwa ni mvulana au ni msichana, au huitwa kuchimba. Tumewaweka nje ya chumba, kisha tunashangaa mbona hawajui yanayotendeka ndani.

*

Kipimo hiki kinakata pande zote mbili, na lazima tukiache kikate.

Mwaka 2014, wanawake wa Kenya wanaoishi na virusi vya UKIMWI walikwenda mahakamani wakisema walifungwa kizazi bila idhini yao ya kweli. Desemba 2022, Mahakama Kuu ikaamua kwamba haki zao zilikiukwa. Kwenye takwimu, mwanamke aliyefungwa kizazi hivyo anaingia safu ileile na aliyeamua mwenyewe. Anaongeza asilimia. Ripoti inapendeza. Ndiyo sababu siwezi kushangilia asilimia kubwa kabla ya kujua zimepatikanaje, na ndiyo sababu maneno kama "Kenya imejaa, wazuiwe kuzaa" yananitia baridi. Kila mara taifa linapoanza kuhesabu matumbo, linaanzia kwa matumbo ya maskini.

Na sisi wa 2.5? Rafiki yangu mmoja, yuko ofisini, mchapakazi, ana binti wa miaka sita. Husema kwa kicheko, "Mimi ni mmoja tu, nimefunga duka." Siku moja nilimuuliza: kama kodi ya keja haingekuwa nusu ya mshahara, na kama ungekuwa na mtu wa kumwachia mtoto unayemwamini, bado ungefunga? Alikaa kimya kidogo. Akasema, "Ningependa awe na ndugu."

Sheria ya ajira inampa mama miezi mitatu ya likizo yenye mshahara. Sheria ya Afya ya 2017 inataka waajiri watenge chumba cha kunyonyeshea. Lakini Wakenya wengi hufanya kazi ya jua kali, na mama mboga hana afisa wa rasilimali watu wa kumwandikia barua. Akijifungua Jumatatu, Jumatatu inayofuata wateja wamehamia kibanda cha jirani. Na yule msichana wa chuo ambaye mpenzi wake hataki mpira, halafu kesho yake anamtumia mia mbili kwenye M-Pesa na neno moja, "P2"? Yeye naye yuko kwenye takwimu zetu nzuri za mjini. Alitumia njia ya kisasa. Aliulizwa saa ngapi?

Sisemi mizani ni sawa. Haiko sawa hata kidogo. Anayekosa mtoto wa pili kwa sababu ya kodi hayuko mahali pamoja na anayekufa akizaa wa saba. Mmoja anahuzunika, mwingine anazikwa, na anayechanganya hayo mawili anatania maiti. Nasema tu kwamba ugonjwa una jina moja: jibu la pili halina usalama.

*

Kuna ile hadithi ya sungura aliyeruka na kuruka kufikia ndizi, akashindwa, akaondoka akisema sizitaki mbichi hizi. Watu wa tafiti wamekuta mara nyingi kwamba wanawake wa kaskazini mashariki wakiulizwa wanataka watoto wangapi, hutaja idadi kubwa kuliko wa sehemu nyingine. Msomi wa mjini hukimbilia kusema: ah, hiyo ni sizitaki mbichi hizi, wamezoea kutaka kinachopatikana. Pengine. Lakini kwa mantiki hiyohiyo, mtu anaweza kumwambia rafiki yangu kwamba na yeye "mmoja tu" wake ni ndizi mbichi. Nani amempa nani jicho la kuona ndani ya moyo wa mwenzake?

Mimi naona njia moja ya heshima. Usibishane na sungura kuhusu ladha. Lete ngazi, uiegemeze kwenye mgomba, kisha umuulize tena. Akizikataa wakati anaweza kuzifikia, basi kweli hazitaki, na wewe nyamaza. Mwanamke wa Mandera mwenye hospitali karibu, watoto wanaoishi, binti zake shuleni, na sindano anayoweza kuikubali au kuikataa bila hofu, akisema bado nataka wanane, huo ni uamuzi wake na tumpigie vigelegele kwa kila mmoja wa hao wanane.

Mtu atauliza: kwa hiyo tusubiri barabara ndiyo tupeleke sindano? Hapana. Mtu anavuja damu leo. Sindano iende leo, na iende ikiwa na nesi anayeweka siri, na iwe ya kununuliwa na pesa yetu wenyewe, maana mapema 2025 Marekani iliposimamisha misaada tulikumbushwa kwamba kabati la kliniki yetu lina ufunguo Washington. Ila sindano iende pamoja na mkunga, damu ya akiba, gari na mafuta, na bila shabaha ya asilimia anayosukumwa nayo muuguzi mwisho wa mwezi.

Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, walisema wazee, na ukiangalia vizuri nusu ya kulea tumeiacha kwa mama peke yake halafu tunampangia idadi. Kwa hiyo ile ramani ikirudi tena kwenye grupu, na itarudi, usianze na "mbona wanazaa hivyo?" Uliza chumba cha upasuaji kilicho karibu kiko kilomita ngapi. Uliza wiki iliyopita kliniki ilikuwa na sindano au ilikuwa na kalenda tu ukutani. Uliza mwanamke akisema imetosha, usiku huo atalala wapi. Halafu yaulize maswali hayohayo kwa Kayole, Mukuru na Kawangware, uone kama majibu yatakupa ujasiri wa kucheka.